Taa za chumba cha muvi: anza na kochi, fundi jipsam aje baadae

Huku kwetu Arusha siku hizi ukiona mtu anamalizia nyumba lazima utakuta katenga kachumba ka kuangalizia muvi na mpira, na kwa vile AFCON ya 2027 tunaandaa sisi na Kenya na Uganda na uwanja tunao wetu pale Olmoti, hamu ya skrini kubwa ndo imezidi kabisa. Sasa mpangilio unakuwaga ule ule, mtu ananunua tivii, ananunua makochi, ananunua sabufa, alafu anamuita fundi jipsam, fundi anachora ua katikati ya dari anatoboa matundu nane ya spotilaiti kwenye mistari miwili, anazungusha stripu, ule mkanda wa taa, ya bluu pembeni, anapiga picha anaondoka. Jioni unakaa kuangalia, unaona macho manane meupe yanakutazama kutoka ndani ya tivii.

Mimi yamenikuta. Chumba changu kipo Moshono, mita 4 kwa 5, na nimekifumua dari mara mbili, kwahiyo haya ninayoandika nimeyalipia. Kitu kimoja tu nataka ukishike kabla hatujaanza, taa za chumba cha muvi hazipangwi ukiwa umesimama katikati ya chumba unaangalia juu. Zinapangwa ukiwa umekaa kwenye kochi unaangalia skrini. Kila swali la taa hii iwe wapi, iwe na nguvu gani, iwe rangi gani, jibu lake liko pale kwenye kochi.

Kwanza giza

Najua ulikuja kusoma habari za taa, ila huwezi kupanga mwanga kwenye chumba ambacho jua linaingia linavyotaka. Sisi tuko kama nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, jua linatoka mashariki linazama magharibi karibu mstari ulionyooka mwaka mzima, kwahiyo dirisha la magharibi ndo adui namba moja. Mechi ya ligi inaanza saa kumi jioni na jua nalo linaanza kuingia dirishani saa kumi hiyo hiyo. Kama bado uko kwenye ramani ya nyumba chagua chumba chenye dirisha la kaskazini au kusini, na kama nyumba imeshasimama basi tafuta pazia.

Pazia zito peke yake halitoshi, mwanga haupiti katikati ya kitambaa unapita pembeni na juu. Bomba la pazia lizidi dirisha kama sentimita 20 kila upande, pazia lishuke mpaka chini, na juu weka boksi la mbao au la jipsam lifunike lile pengo la juu ya bomba. Hilo boksi watu wanaliona urembo, kumbe ndo linaloziba mwanga wa juu ambao pazia lenyewe haliuzibi.

Ila usizidishe. Shemeji yangu yuko Moshi, Pasua, yeye aliziba dirisha zima kwa plaiwudi akapigilia misumari. Arusha mwezi wa saba ungemsamehe, lakini Moshi mwezi wa pili? Muvi haijafika nusu watu wako vifua wazi. Acha dirisha lifunguke nyuma ya pazia, feni iwepo.

Rangi ya ukuta nayo ni taa, usiicheke hiyo sentensi. Ukuta mweupe unaong'aa unachukua mwanga wa skrini unaurudisha chumbani, unakutana tena na skrini. Paka rangi isiyong'aa, kijivu cha kukolea, bluu ya usiku, kahawia, yoyote unayoipenda ila isiwe silki. Kama huwezi chumba kizima basi ukuta wa skrini, na kuta za pembeni mita moja na nusu ya kwanza kutoka kwenye skrini. Kwa mwenye projekta ongeza na kipande cha dari cha mbele, mke wangu alikataa dari nyeusi tukakubaliana kijivu, amani ikawepo.

Jua kwanza una tivii au projekta

Hapa watu wanachanganya sana. Tivii inatoa mwanga wake yenyewe, tatizo lake ni kioo, inaakisi taa. Projekta haiwezi kabisa kutoa rangi nyeusi, fikiria, itamwagaje weusi ukutani? Weusi unaouona kwenye projekta ni skrini ambayo haijapigwa na mwanga basi. Kwahiyo taa yoyote inayogusa skrini ya projekta inageuza usiku wa kwenye muvi kuwa jivu. Mwenye tivii anatafuta taa zisizoonekana kwenye kioo, mwenye projekta anatafuta taa zisizofika kwenye skrini. Vinafanana lakini siyo kitu kimoja, mwenye tivii anaweza kukaa na mwanga kiasi na akafurahia, mwenye projekta hamna namna.

Jaribio la tochi, hili usiliruke

Subiri usiku. Zima kila kitu, tivii iwe imezimwa, kaa kwenye kochi pale unapokaaga. Mwingine achukue simu, awashe tochi, aifunge kwenye mti wa fagio kwa tepu, alafu aipitishe taratibu darini kuanzia mbele kuja nyuma. Wewe unaangalia kioo cha tivii tu.

Kwangu fagio alishika kijana wangu wa darasa la tano.

"Hapa baba?"

"Hapo naiona. Sogea."

"Hapa?"

"Bado naiona, rudi nyuma tena."

"Hapa je?"

"Hapo haipo. Weka alama."

Tulibandika vipande vya tepu ya karatasi kila mahali tochi ilipoonekana kwenye kioo, alafu nikahamia mwisho wa kochi upande wa kushoto tukarudia, na upande wa kulia tukarudia. Mwishoni dari ilikuwa na eneo limejaa vipande vya tepu, na hilo eneo ndo marufuku, hamna taa inakaa hapo. Kwangu mimi eneo lenyewe lilikuwa juu ya kochi na nyuma yake kidogo, yaani pale pale fundi wa kwanza alipotoboa matundu manne. Siyo uchawi, mwanga unarudi kwa pembe ile ile uliyoingilia, ila badala ya kupiga hesabu unaacha tochi ikuonyeshe.

Tivii bado hujanunua? Mtu ashike kioo cha kawaida pale itakapokaa, kwa urefu ule ule. Dari bado haijafungwa? Pima urefu itakaposhuka jipsam, usifanyie jaribio kwenye kenchi, itakudanganya. Kwa projekta jaribio ni jepesi zaidi, angalia tu tochi ikiwa wapi skrini inapata mwanga.

Gawa taa makundi, kila kundi swichi yake

Kosa kubwa la wairingi zetu ni swichi moja kuwasha kila kitu. Chumba cha muvi kinataka angalau makundi matatu, na ukiweza manne.

Kundi la kwanza ni taa za kazi, za kufagia, kutafuta remoti iliyozama kwenye kochi, watoto wakifanyia homuwaki humo. Hizi ziwe na nguvu. Acha kuhesabu wati, hesabu lumeni, ndo kipimo cha mwanga wenyewe, iko kwenye boksi. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20, ukitaka mwanga wa kawaida wa sebule unahitaji kama lumeni 2,000 mpaka 3,000 kwa jumla. Spotilaiti ya LED ya wati 7 nyingi zinatoa lumeni 500 na kitu, kwahiyo tano au sita zinatosha kabisa, nane za nini? Chagua zile ambazo balbu imezama ndani ya tundu, siyo zile bapa zinazomwaga mwanga pande zote, na ya mbele kabisa ikae mbali na ukuta wa skrini si chini ya sentimita 60 mpaka 90, vinginevyo inaosha ukuta mzima. Rangi yake chukua kelvini 2,700 au 3,000, ile njano tulivu. Ile nyeupe ya 6,500 waachie wenye maduka ya dawa.

Kundi la pili ni mwanga wa pembeni, ndo stripu ya kwenye mfereji wa jipsam au taa za ukutani zinazomulika juu na chini. Huu ndo mwanga wa kuangalizia mpira, watu wanaona sahani ya nyama na ndimu na pilipili wanaona, na bado picha haiharibiki. Mfereji usizunguke ukuta wa skrini, uache pande tatu tu.

Kundi la tatu linakaa nyuma ya tivii, nalielezea peke yake hapo chini maana ndo watu wanaharibu. La nne ni vitaa vya njia, kama umeinua jukwaa la kochi la nyuma kuna ngazi hapo, weka kitaa cha wati moja au pungufu chini kabisa kimulike kanyagio tu. Bibi akija kutembelea asiteguke mguu kwa ajili ya muvi.

Mwanga wa nyuma ya tivii

Macho yanachoka kwa sababu kuna skrini kali katikati ya giza totoro, jicho halijui lijipange kwa ajili ya lipi. Mwanga mdogo ukutani nyuma ya tivii unamaliza hilo, na pia weusi wa picha unaonekana mweusi zaidi japo tivii haijabadilika chochote, ni jicho tu limepata cha kulinganisha.

Sasa hapa, na hapa tu, ndo tunatumia nyeupe ya kelvini 6,500, kwa sababu nyeupe ya kwenye filamu na matangazo ya tivii imepangwa kwenye kiwango hicho. Ukiweka njano nyuma jicho linazoea njano, picha inaanza kuonekana ya bluu. Ukiweka ile stripu ya zambarau wanayopenda vijana, nyuso za watu kwenye picha zinageuka kama wana homa ya manjano. Kwahiyo ukiweka stripu hii, kwenye zile rangi za mwanzo ukuta wa nyuma ya tivii uchague kijivu, siyo bluu wala kahawia, maana ukuta wa rangi unapaka rangi mwanga.

Nguvu yake iwe kama asilimia 10 ya mwanga wa skrini ikiwa nyeupe. Hauna kipimo? Basi kama ukikaa unagundua stripu kuliko picha, imezidi, ipunguze. Kwa tivii ya inchi 55, upana wake ni kama sentimita 122 na urefu 69, ukibandika sentimita 5 ndani kutoka ukingoni unahitaji karibu mita 3 na nusu kuzunguka pande zote nne. Stripu za yuesibi zinatosha hapa na kwa tivii nyingi zinazima zenyewe tivii ikizima, ila soma tundu la tivii linatoa ampia ngapi, nyingi ni nusu ampia, yaani wati 2 na nusu tu, ukilipachika stripu kubwa hapo litafifia au tivii italalamika. Mwenye projekta ruka kipengele hiki chote, hakikuhusu.

Hesabu ya stripu, taratibu

Mfereji wangu una mita 14. Stripu niliyochukua inakula wati 9.6 kwa mita, kwahiyo 14 mara 9.6 unapata 134.4. Pawa saplai, kile kiboksi kinachoshusha umeme wa ukutani uwe wa stripu, usiikamue mpaka mwisho, ongeza asilimia 20, inakuwa kama 161, sokoni unachukua ya wati 200. Ndo hesabu yenyewe, haina zaidi ya hapo, na bado utakuta mtu kauziwa ya wati 60 anashangaa taa inapepesa.

Chukua ya volti 24 usichukue ya 12 kama mfereji ni mrefu. Kwa wati zile zile ya 24 inapitisha ampia nusu, kwahiyo umeme haupotei sana njiani. Ya volti 12 ukiunga zaidi ya mita 5 mfululizo mwanzo unawaka vizuri na mwisho unakuwa kama mshumaa. Hata hiyo ya 24 usiunge mita 14 kama mkia, peleka waya kila baada ya mita 5 hivi. Na ibandike kwenye reli ya aluminiamu yenye mfuniko wa rangi ya maziwa, inapoa na vile vidoti vya LED havionekani.

Pawa saplai iwekwe mahali mkono unafika. Ya kwangu ya kwanza fundi aliizika juu ya jipsam akapiga skimu juu yake, ikawa inavuma usiku kama nyuki, mwezi wa nne ikafa kwa joto, na kuitoa ikabidi tukate dari iliyokwisha kupakwa rangi. Sasa hivi iko kwenye kabati la sabufa, upande wenye matundu ya hewa. Ukiiweka mbali na stripu tumia waya mnene kidogo kati yake.

Dimma

Bila kupunguza mwanga hauna chumba cha muvi, una chumba chenye taa. Ila dimma, zile swichi za kupunguza mwanga, nyingi za kuzungusha zilizopo madukani zilitengenezwa kwa balbu za zamani za kuunguza waya, na zimeandikwa kiwango cha chini cha wati, tuseme 50, LED zako sita za wati 7 hazifiki hapo, matokeo yake zinapepesa au zinanguruma. Fanya hivi, nunua balbu zilizoandikwa kabisa kwamba zinakubali dimma, nunua dimma iliyoandikwa ya LED, na kabla ya kulipa mwambie muuza duka aziwashe zote mbili pamoja mezani azishushe mpaka chini. Akikataa nenda duka la pili. Stripu haitumii dimma ya ukutani, ina yake inayokaa kati ya pawa saplai na stripu, na remoti.

Wengine wanapenda balbu za waifai za kuongoza kwa simu. Ni nzuri, mambo mawili tu. Moja, ukitaka swichi yenyewe ndo iwe ya waifai nyingi zinahitaji nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, na nyumba zetu nyingi kwenye boksi la swichi kuna moto unaoingia na moto unaotoka tu, nyutro imeishia juu darini. Mwambie fundi aivute mpaka chini kabla plasta haijapigwa. La pili, TANESCO wakikata na kurudisha, balbu hizi nyingi zinawaka zenyewe kwa nguvu zote, iwe saa nane usiku. Ingia kwenye programu yake tafuta mpangilio wa umeme ukirudi, weka ibaki ilivyokuwa.

Waya na fundi

Hapa napita haraka kwa sababu siyo kazi yako wala yangu. Fundi awe na leseni ya EWURA, taa zipite kwenye waya wa milimita 1.5 na sakiti breka yake ya ampia 6 au 10, soketi za sabufa na tivii ziwe kwenye 2.5 zikiwa peke yake, asi, ule waya wa kwenda ardhini, iwepo kweli siyo ya kuchorwa. Angalia alama ya TBS kwenye waya. Mpe fundi karatasi yenye mchoro wako, na zile alama za tepu umeshazihamishia humo kwa vipimo kutoka ukutani, maana fundi jipsam ukimwambia kwa mdomo "usiweke hapa" atakujibu sawa bosi alafu atatoboa pale pale alipozoea. Nyumba ambayo imeshapakwa rangi tumia trankingi nyembamba, lile bomba la plastiki la kupitishia waya, kwenye kona ya dari, ukiipaka rangi ya ukuta haionekani.

Kama hela ni ya mawazo, anza na pazia, alafu stripu ya nyuma ya tivii, alafu taa moja ya mezani yenye balbu ya njano ikae nyuma ya kochi ambapo kioo hakiioni. Dari itakuja baadae na haitakudai kitu.

Kupanga mwishoni

Vikishafungwa vyote kaa tena kwenye kochi usiku. Weka muvi yenye tukio la gizani, zima kundi la kazi, shusha la pembeni mpaka liishe au libaki kwa mbali sana, acha la nyuma ya tivii. Kaa nusu saa bila kugusa chochote, jicho linachukua dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na kitu ulichoona ni kidogo mwanzoni kitaanza kukukera. Mpira ni mpangilio mwingine, pembeni panda mpaka watu waonane nyuso, Simba na Yanga haiangaliwi gizani, utamtambiaje mtu usiyemuona?

Kwenye giza hilo ndo utagundua vitaa vidogo, king'amuzi kina chekundu, ruta ina vinne vya kijani, sabufa ina kimoja cha bluu kikali kuliko mbalamwezi. Kata tepu nyeusi ya umeme vipande vya ukubwa wa ukucha ubandike, ukiona bado unataka kuona kama kimewaka basi toboa na sindano. Kijana wangu ndo aliona kile cha sabufa, nikaruka nikabandika kwa haraka muvi ikiendelea, alafu sauti ikapanda ghafla kwenye tukio la milipuko na remoti ikagoma kabisa kushusha, jirani kashaanza kugonga geti. Nilikuwa nimeziba na kijicho cha remoti, kinakaaga sentimita moja pembeni ya hicho kitaa.